Msiite Kila Anguko Jicho: Kwa Nini Wapanda Farasi Huangukia Kwenye Viunzi Vidogo



Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, nimeletewa swali na mzazi mmoja mtu wa kwetu anayeishi Uingereza, na kwa kuwa si wa kwanza kuniuliza jambo la namna hii (yupo mwingine aliyeniuliza kutoka Maskati), nimeona nilijibu hapa tufaidike sote. Anasema binti yake wa miaka 11 anajifunza kupanda farasi. Jumamosi moja aliruka kiunzi cha sentimita 80 mara tatu bila shida, mama yake akapiga video na kuituma kwa jamaa. Jumamosi iliyofuata mtoto akaanguka kwenye kiunzi cha sentimita 50, kinachomfika gotini tu, akavunjika mtulinga. Tangu hapo simu hazikatiki. Shangazi anasema ni jicho. Mjomba anasema ni jicho. Na mtu mmoja anayejiita shekhe ametaka atumiwe pesa nyingi afanye kisomo cha kumfungua mtoto, kwa hoja moja: aliyevuka kikubwa hawezi kuangushwa na kidogo ila kuna mkono wa mtu.

Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kwa kirefu. Mwenye kuisema hajui farasi, na anawatoza watu kwa ujinga wake. Nimekaa jioni mbili na ndugu yetu wa msikitini aliyefanya kazi ya kuhudumia farasi Ghuba kwa miaka mingi, na mengine nilikwisha kuyasoma, kwani mlango wa farasi katika vitabu vya hadithi si mdogo. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba kuanguka kwenye kiunzi kidogo hakuna ajabu yoyote. Kiunzi kidogo kina njia zake za kumwangusha mtu, na mara nyingi njia hizo huanzia kwa mpandaji mwenyewe, hatua mbili tatu kabla ya kukifikia.

Kwanza nilimalize la jicho, nisije nikasingiziwa. Jicho ni kweli. Limethibiti katika Bukhari na Muslim, na kisa cha Sahl bin Hunayf (r.a.) katika Muwatta kinajulikana: alitazamwa akioga, akasifiwa umbo lake, akaanguka pale pale, na Mtume (s.a.w.) akauliza wanamtuhumu nani, kisha akaamrisha aliyetazama aoge na maji yake amiminiwe Sahl. Hatukanushi. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe naye alianguka kutoka kwa farasi. Anas (r.a.) anasimulia kwamba ubavu wake wa kulia ulichubuka, na katika riwaya ya Jabir (r.a.) kwa Abu Dawud, farasi alimbwaga Madina juu ya kisiki cha mtende, mguu ukateguka, akakaa katika chumba cha Bibi Aisha (r.a.) masahaba wakimjia kumtazama. Huyu ndiye aliyekuwa na mahasidi kuliko mtu yeyote, Madina ile ile. Sasa zisome riwaya hizo. Utakuta mafunzo ya kusali kwa kukaa. Swali la "mnamtuhumu nani?" aliloliuliza kwa Sahl hulioni humo. Farasi amembwaga mtu, mguu umeteguka, mtu anauguzwa. Basi.

Kwa hiyo anayekwambia kila anguko lina mtu nyuma yake, mwulize ameitoa wapi elimu hiyo.

Turudi kwenye kiunzi. Nitaeleza kidogo namna kitu chenyewe kinavyokwenda, maana wengi wetu tumekulia penye punda, na wachache sana wamewahi hata kumgusa farasi.

Farasi anayekwenda shoti ya polepole hupiga hatua ya karibu mita 3 na nusu. Kiunzi cha sentimita 50 kwake si kitu cha kurukwa hasa, ni hatua yake ile ile ameinyanyua kidogo. Na hapo ndipo penye tatizo. Kiunzi kikiwa kirefu, tuseme mita moja na robo, farasi hana hiari nyingi. Ni lazima afike mahali panapofaa, akusanye nguvu miguu ya nyuma, anyanyuke, akunje mikono, apinde mgongo, atue. Mpandaji anajua kinachokuja. Kiunzi kikiwa kifupi farasi ana hiari tano au sita, na zote zinawezekana. Anaweza kukivuka kama mtu anayepita juu ya gogo, bila kuruka kabisa. Anaweza kunyanyukia mbali. Anaweza kufika karibu mno, akaongeza kihatua kifupi cha mwisho, kisha akajirusha juu kama aliyechomwa. Anaweza kuruka kama paa, mara mbili ya kimo kile, kwa sababu amekiona kivuli au chungu cha maua kilichowekwa chini. Anaweza kukwepa pembeni. Na anaweza kusimama ghafla.

Sasa mtazame mtoto aliye juu. Amefundishwa kwamba kwenye kiunzi mtu huinuka kidogo kutoka kwenye tandiko, akainama mbele na kuachia hatamu ili farasi anyooshe shingo. Mafunzo hayo ni sahihi. Ila mtoto hangoji farasi anyanyuke ndipo amfuate. Anakiona kiunzi, anajua "hapa huinamwa", anainama yeye kwanza. Kwa nusu sekunde hiyo amekaa juu ya shingo ya farasi bila kitu mbele yake. Farasi akiruka kama alivyotarajia, mtoto anasalimika na anajiona hodari. Farasi akiongeza kile kihatua kifupi, au akisimama, mwili wa mtoto unaendelea na safari peke yake. Ni kama mtu aliyesimama ndani ya daladala dereva anapokanyaga breki. Hakuna aliyemsukuma, hakuna jini, ni mwili tu haukupata habari kwamba gari limesimama.

Kwenye kiunzi kikubwa kosa hili huwa dogo zaidi, na sababu yake ni woga. Mtu akiona boriti ziko usawa wa kifua chake hachezi. Anakaa sawa, miguu yake inamkumbatia farasi, macho yako mbele, anahesabu hatua, hainami mpaka ahisi farasi amenyanyuka. Kwenye kiunzi kidogo anamjibu rafiki yake aliye pembeni. Anatazama boriti chini kuona kama ataiangusha, na kichwa ni kizito, kikielekea chini mabega yanafuata. Anabana kwa magoti badala ya kuacha uzito ushuke visiginoni, na ukibana magoti ndama za miguu zinateleza nyuma, halafu goti linakuwa kama bawaba ya mlango: sehemu ya juu inafungukia mbele. Wengine wanaangukia baada ya kutua, kwa kuwa akilini mwao kazi imekwisha, na farasi bado anapiga kona.

Kuna na jambo la macho ya farasi ambalo watu wengi hawalijui. Allah amemwekea farasi macho ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, lakini kilicho mbele kabisa ya paji la uso na chini ya pua hakioni vizuri. Kiunzi kifupi, akikikaribia, kinapotea chini ya pua yake. Anaruka kwa kumbukumbu. Ndiyo maana walimu wazuri huweka boriti moja chini kwa mbele ili farasi apime umbali mapema, na ndiyo maana mtoto anayevuta hatamu dakika ya mwisho kwa hofu humnyima mnyama nafasi ya kuinua au kushusha kichwa akione anachokiendea. Rangi pia. Farasi hatofautishi vizuri rangi ya machungwa na kijani cha majani, mambo ambayo kwetu yako wazi kama mchana. Uingereza kwenyewe, kwenye mbio za kuruka viunzi, wameanza tangu 2022 kubadilisha alama za rangi ya machungwa ziwe nyeupe kwa sababu hiyo hiyo. Sasa wewe mtoto wako ameanguka, na kiunzi kilikuwa boriti moja ya machungwa juu ya majani mabichi, bila boriti ya chini, jioni jua likiwa usoni. Umeshaanza kutafuta hasidi Tanga?

Farasi naye ana dharau yake. Aliyezoea kuruka mita moja, kile cha nusu mita hakihesabu. Anakiburuzia miguu. Boriti za viwanja vya mashindano zimelazwa kwenye vikombe, zikiguswa zinaanguka, na ndio usalama wake. Lakini gogo lililofungwa ardhini huko msituni halianguki. Farasi akiligonga kwa mikono yote miwili linaweza kumpindua, na mpandaji akawa chini yake. Gogo la nusu mita linaweza kufanya hivyo.

Nitataja watu wawili, na wote habari zao ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma.

Wa kwanza ni Federico Caprilli, kapteni wa jeshi la farasi la Italia, aliyezaliwa 1868. Kabla yake wapanda farasi wa Ulaya walikuwa wakiruka kwa kulala nyuma na kuvuta hatamu. Yeye akawatazama farasi wakiruka wenyewe bila mtu, akaona mtu anawasumbua, akafundisha kwamba mpandaji amfuate farasi: ainame mbele, mikono iachie. Majeshi yakamcheka, kisha yakamfuata, na leo kila mtoto anayejifunza kuruka, awe Ireland au Doha, anafundishwa njia yake. Mwaka 1902 huko Torino aliruka na farasi kimo cha mita 2.08. Mita mbili na zaidi! Mtu mrefu akisimama chini yake kofia haiguswi. Je, alikufa vipi? Desemba 1907, mjini Torino huko huko, alianguka kutoka kwa farasi aliyekuwa akitembea. Hakukuwa na shoti wala kiunzi. Alikuwa na miaka 39. Nauliza tena: aliyevuka kikubwa hawezi kuangushwa na kidogo?

Wa pili ni mwigizaji wa Marekani, Christopher Reeve, yule wa filamu za Superman ambazo wa rika langu tuliziona kwenye kumbi za sinema na wazee wetu hawajui. Mei 1995, katika mashindano jimboni Virginia, farasi wake alikwenda vizuri viunzi viwili. Cha tatu hakikuwa kirefu, karibu mita moja, na kwake kilikuwa cha kawaida. Farasi alianza kana kwamba ataruka, kisha akasimama. Reeve akaendelea mbele, mikono yake ikanaswa na vifaa vya kichwani mwa farasi, asiweze hata kuitanguliza kujikinga, akatua kwa kichwa. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zilivunjika. Hakutembea tena, na alikuwa akipumua kwa msaada wa mashine. Alifariki 2004. Alikuwa amevaa helmeti na fulana ya kinga. Nalisema hili ili asije mtu akadhani vifaa vinamaliza kila kitu, na wala asije mwingine akadhani kwa hiyo havina maana. Pale fuvu lilipokingwa lilikingwa. Shingo hakuna helmeti inayoikinga.

Sitaki kuwatisha wazazi. Wanaoanguka kwenye viunzi vidogo wengi huamka, wakajipangusa vumbi na kutafuta farasi alikokimbilia. Na lazima tuwe waadilifu katika hesabu pia: viunzi vidogo ndivyo vinavyorukwa zaidi, na wanaoviruka zaidi ni wanaoanza. Lazima waangukaji wengi wapatikane hapo, kama ambavyo wanaokosea kusoma Qur'ani wengi utawakuta juzuu ya Amma. Si kwa sababu ni ngumu. Ni kwa sababu wote wanaanzia hapo.

Nigeukie upande wetu sisi masheikh, maana na sisi tuna lawama. Imekuwa desturi mitandaoni kuhimiza watoto wapande farasi "kwa sababu ni sunna", na kila mara inaletwa ile kauli ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, ikiandikwa juu yake "Mtume amesema". Ndugu zangu, kauli hiyo kwa lafdhi hiyo inanasibishwa kwa Umar (r.a.), na haikuthibiti kuwa ni maneno ya Mtume (s.a.w.). Msimzulie. Iliyo bora kwa mlango huu ni ile ya Nasai, inayotaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa ni upuuzi. Mojawapo ni mtu kumtia adabu farasi wake, yaani kumfunza. Litazameni neno lenyewe. Halikutaja kukaa juu ya farasi ukapigwa picha. Limetaja kumfunza, na anayemfunza mnyama lazima awe amefunzwa yeye.

Na Mtume (s.a.w.) alikuwa na daraja katika jambo hili. Alishindanisha farasi waliotayarishwa, waliopunguzwa tumbo kwa lishe na mazoezi, kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wale ambao hawajatayarishwa aliwapa kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, maili moja tu. Hadithi hii iko Bukhari na Muslim. Hakuwachanganya. Ibn Umar (r.a.) alikuwamo kwenye mbio zile, na katika riwaya ya Muslim anasema alifika wa kwanza na farasi akamrukisha mpaka upande wa msikiti. Imam Nawawi katika sherehe yake anaeleza kuwa ukuta wa msikiti ule ulikuwa mfupi. Mimi nikiisoma hadithi hii huwa natabasamu. Ni mbio zilizoishia kwenye msikiti wa Bani Zurayq, kwa hiyo ni mbio za wale wasiotayarishwa. Farasi hakusimama pale alipotakiwa kusimama, akauona ukuta mfupi, akaamua mwenyewe kuuruka. Hivyo ndivyo kiunzi kidogo kilivyo mpaka leo. Ibn Umar alikuwa kijana imara, akakaa.

Si kila sahaba alikuwa hivyo. Jarir bin Abdillah (r.a.), bwana mkubwa wa kabila lake, mtu aliyesifiwa kwa uzuri wa sura, alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba hatulii juu ya farasi. Nampenda sana Jarir kwa hili. Mwarabu, kiongozi, anakwenda kusema waziwazi "mimi naanguka". Mtume (s.a.w.) akampiga kifuani kwa mkono wake na kumwombea uthabiti. Hakumcheka, wala hakumwambia mtu wa kabila lenu hafai kuanguka. Basi baba anayemfokea binti yake uwanjani "kidogo hivi kimekushinda?" amejifunza adabu hiyo kwa nani? Kelele hizo zenyewe ni sababu ya anguko la pili, kwa kuwa mtoto mwenye hofu hubana magoti na kuvuta hatamu, na farasi anayevutwa mdomo kila anaporuka atajifunza kusimama. Hapo hamna farasi mbaya. Mmemfunza wenyewe.

Huku nyumbani tunayaona haya kwa bodaboda. Kijana anatoka Chalinze mpaka mjini salama, malori yanampita kwa kasi, halafu anakwenda kubwagwa na tuta la mtaani kwao, mkono mmoja kwenye simu, helmeti imening'inia kwenye usukani. Majirani wanasema "jamani, hapa hapa nyumbani!" Ndiyo, hapa hapa nyumbani, kwa sababu huko barabara kuu alikuwa akiendesha, na hapa alikuwa ameshafika.

Sasa nimjibu mzazi mambo yake aliyouliza. Je, mtoto arudi kwenye farasi?

Arudi akitaka yeye, na daktari akiruhusu. Mifupa ya mtoto inaunga, alhamdulillah, lakini muulize daktari na habari ya kichwa pia, hata kama jeraha ni la bega. Mtoto aliyepigwa kichwa akawa anatapika, anasinzia ovyo, anauliza swali moja mara tatu, au anaumwa kichwa kisichotulia, hospitali ni usiku huo huo, na wala asipandishwe tena juu ya farasi siku hiyo eti "asije akaogopa". Desturi hiyo ya kumrudisha mtu juu papo hapo inasifiwa sana na watu wa farasi, na kwa aliyechubuka tu haina neno. Kwa aliyegonga kichwa ni hatari. Helmeti iliyogonga ardhi haivaliwi tena hata ikionekana nzima, kwa sababu kinachokinga ni kile cha ndani kinachobonyea, nacho kikishabonyea kimeshafanya kazi yake. Nunua nyingine. Pesa alizotaka yule bwana wa kisomo zinatosha kuinunua.

Mwalimu naye aulizwe. Kwa adabu, lakini aulizwe: boriti ya chini ilikuwepo? Farasi huyu ameanza lini kusimama mbele ya viunzi? Kwa nini mtoto aliruka sentimita 80 wiki ile ikiwa bado anamtangulia farasi? Mimi naona, na ndugu yetu wa farasi ameniunga mkono, kwamba ile Jumamosi ya sentimita 80 ndiyo ya kutazamwa zaidi kuliko ya kuanguka. Huenda mtoto alivuka mara tatu kwa fadhila za farasi mzuri, si kwa kukaa kwake, na wote mkapiga makofi. Itazameni ile video tena. Msitafute aliyeiona. Tazameni visigino vya mtoto viko wapi, na anainama lini.

Akirudi, aanzie boriti zilizolazwa chini kabisa, avuke kwa telki wiki nzima hata akichoka. Mfungieni farasi kamba shingoni ambayo mtoto ataishika badala ya kuning'inia kwenye hatamu, au ashike singa zake. Hakuna aibu ndani yake. Mwalimu atakapotega kiunzi cha kwanza, mtoto aambiwe akitazame kitu cha mbali ng'ambo ya uwanja, mti au paa la banda, mpaka farasi atue na apige hatua tatu nyingine. Hatua tatu za baada ya kutua ni sehemu ya kiunzi.

Na kuhusu mtandio, kwa kuwa mama ameuliza: mtoto avae mtandio mwembamba wa kubana kichwa chini ya helmeti, usio na fundo wala pini. Pini chini ya helmeti ni msumari unaongoja kugongwa. Ncha zote ziingizwe ndani ya nguo, zisipepee wala zisinase. Na helmeti ipimwe mtoto akiwa amevaa mtandio huo huo, si kichwa kitupu, la sivyo itambana au itacheza. Stara inatimia na kichwa kinakingwa, hakuna mgongano hapo.

Ama kisomo, msomeeni wenyewe. Baba yake, mama yake, nyumbani, usiku kabla ya kulala: Fatiha, Ayatul Kursiy, Ikhlas na Muawidhatain. Hakuna malipo na hakuna haja ya picha ya mtoto kutumwa kwa mtu yeyote. Video nazo zipungueni, si kwa sababu ya anguko hili, bali kwa kuwa kuwaanika watoto kila siku si jambo zuri kwa hali yoyote.

Amebakisha swali moja la sala, kwani mkono umefungwa kwenye kitambaa kilichoning'inizwa shingoni, na bega lina bendeji. Katika udhu aoshe anachoweza kuosha. Panapotakiwa kuoshwa na pamefungwa, apanguse juu ya bendeji kwa mkono ulioloa, na ikiwa kulowesha kunadhuru, atayamamu kwa sehemu hiyo. Kwenye sijda aweke mkono ule mzima, na wenye maumivu auache kifuani ulivyo. Akishindwa kushuka kwa maumivu, aashirie kwa kuinama, sijda iwe chini zaidi ya rukuu. Na asiambiwe akae kwa sababu tu Mtume (s.a.w.) alipoanguka alisali kwa kukaa. Yeye mguu wake ulikuwa umeteguka. Huyu binti aliyevunjika ni mtulinga, miguu yake mizima, atasimama.

Wallahu a'alam.